Banda la gemu la mashine nne: nilivyokaa na hesabu za jamaa yangu

Jamaa yangu mmoja alifungua banda la gemu, mashine nne tu za PlayStation, na mwezi wa tano akanifata na daftari kubwa limejaa namba akaniambia kaka hebu niangalizie hapa, wikiendi watu wanajaa mpaka wengine wanasimama nje kusubiri, dogo anayechezesha anafunga usiku kachoka, ila mi mfukoni sioni kitu. Nikamuuliza unapata ngapi kwa mwezi akasema hajui ila inatakiwa iwe nyingi. Hilo neno "inatakiwa" ndo lilinifanya nikae chini.

Mi sio mhasibu, ni mtu ambaye nimecheza gemu tangu utoto na napenda namba, na nimechoka kuona kila mtu akiuliza kama banda la gemu linalipa anajibiwa na watu wa aina mbili, mmoja anasema ni hela ya bure unalala tu inaingia, mwingine anasema ni ujinga wa watoto, na wote wawili hawana hata karatasi moja ya kuonyesha. Kwaiyo hiki ni kisa cha banda moja, nimekaa nacho karibu mwezi mzima mpaka nimeota napanga foleni ya pedi, vile vidude vya kushika mkononi wakati wa kucheza.

Kitu kimoja kabla sijaenda mbali. Sitataja hela hapa, maana hela yako na yangu zinatofautiana na zinabadilika kila mwaka. Nitapima kila kitu kwa saa. Saa moja maana yake ni ile bei anayolipa mteja kucheza kwenye mashine moja kwa saa nzima. Kodi ikiwa sawa na bei ya masaa 150 ya kucheza, basi nasema kodi ni masaa 150. Ukitaka kujua ya kwako chukua bei ya saa ya unapoishi ugawe. Ukishazoea hii njia utaona inakufungua macho, kwa sababu banda la gemu kitu pekee linachouza ni masaa, na saa ikipita mashine imekaa bila mtu huwezi kuiweka stoo ukaiuza kesho.

Alivyoanza: PS4 Slim nne (PlayStation 4 toleo jembamba) zilizokwishatumika, TV nne za inchi 43, pedi mbili kila mashine, meza, viti. Kila kituo kimoja kikamla kama masaa 900. Nne ni 3600. Kupaka rangi, kuvuta nyaya, stabilaiza, mabenchi ya wanaosubiri na vikorokoro vingine 600. Jumla mtaji wake ni masaa 4200, na hapo sijahesabu muda wake mwenyewe wa kuzunguka kutafuta mashine nzima nzima zisizopiga kelele kama ndege inayoruka.

Hesabu aliyofanya kabla ya kufungua ilikuwa hivi, na naamini nusu ya waliofungua mabanda walifanya hiihii. Anafungua saa 3 asubuhi anafunga saa 4 usiku, hayo ni masaa 13, mara mashine nne ni 52 kwa siku, mara siku 30 ni 1560. Akajifanya muangalifu akasema basi tuchukue asilimia 80, maana siku nyingine mvua, siku nyingine umeme. Hapo akaona mtaji unarudi miezi minne au mitano, akaanza kuota banda la pili.

Sasa daftari lake lilikuwa na tatizo moja kubwa, aliandika hela tu. Leo imeingia kiasi fulani, basi. Hamna saa ngapi, mashine ipi, walicheza nini. Ni kama mtu wa basi anayejua nauli ya siku ila hajui ni abiria wangapi walipanda na siti zipi zilienda tupu. Nkamwambia tufanye wiki mbili, dogo aandike kila kikao: mashine namba ngapi, wameanza saa ngapi, wameondoka saa ngapi, gemu gani. Dogo alilalamika siku mbili alafu akazoea, na kwa kweli daftari lile la wiki mbili lina thamani kuliko miezi mitano ya mwanzo yote.

Matokeo yakatoka hivi. Jumatatu mpaka Ijumaa wastani wa masaa 15 kwa siku. Jumamosi na Jumapili 31. Kwa wiki ni 137, kwa mwezi kama 590. Kati ya 1560 aliyoiota kauza 590, yaani hata asilimia 40 haifiki. Na sio kwamba banda ni bovu! Ndivyo biashara yenyewe ilivyo, watu wana kazi, wana shule, wanalala. Siku ya kazi katika hayo masaa 15, masaa 12 yaliuzwa kati ya saa 10 jioni na saa 3 usiku. Asubuhi nzima mpaka saa 7 mchana ilikuwa haifiki saa moja na nusu kwa mashine zote nne, yaani TV zinawaka, feni linazunguka, dogo amekaa anaangalia simu.

Upande wa matumizi kwa mwezi: kodi ya fremu masaa 150. Dogo 170. Umeme 45. Intaneti 20. Pedi na mafundi 60. Usafi, ulinzi, vibali na vitu vidogo vidogo 25. Jumla 470. Kwaiyo 590 toa 470 anabaki na 120, na mtaji wa 4200 ukigawa kwa 120 ni miezi 35. Karibu miaka mitatu, kwa mashine zilizonunuliwa zikiwa zimetumika tayari. Ndo maana haoni kitu mfukoni, kipo ila kidogo, na hicho kidogo kinaisha kabla hujakiona maana anakichukua vipande vipande.

Ila namba iliyomuuma haikuwa hiyo. Nilichukua 470 nikagawa kwa siku 30, inakuja kama 15.7. Maana yake kila siku banda likifunguliwa, masaa 15 na dakika arobaini ya kwanza sio yake, ni ya mwenye fremu, ya dogo, ya umeme, ya fundi. Na siku ya kazi anauza 15. Yaani Jumatatu mpaka Ijumaa anakula hasara kidogo kila siku, siku tano mfululizo, alafu Jumamosi na Jumapili ndo zinakuja kufukia shimo na kumuachia kitu. Nilipomuonyesha alikaa kimya alafu akasema kwaiyo mi nina biashara ya siku mbili nalipia kodi ya siku saba. Nikamwambia ndio, umeiweka vizuri kuliko mimi.

Umeme nao niuseme kwa sababu kila mtu anauogopa. Watu wanadhani banda la gemu linauawa na umeme. Sio kweli, angalau sio kwa mashine hizi. PS4 ya mwanzo ya 2013 ilikuwa inakula kama wati 140 ukiwa kwenye gemu, Slim ya 2016 inakula kama 80, PS5 iko kwenye 200 hivi. TV ya LED ya inchi 43 weka 80. Kwaiyo kituo chake kimoja ni wati 160, yuniti moja inachezesha masaa sita na zaidi. Sita! Ungeuza hata masaa mawili kwa kila yuniti bado umeme ungekuwa umejilipa. Umeme unakuua ukikatika, sio ukiwaka, maana ukikatika Jumamosi saa 12 jioni umepoteza masaa ambayo ndo yanabeba mwezi, na mashine ikizima ghafla wakati inaandika kwenye diski siku moja haitawaka. Sasa kama unapanga kununua PS5 nne hiyo hesabu irudie upya.

Lakini umeme ukanisaidia kwa njia ambayo sikuitegemea. Jamaa alikuwa na wasiwasi kwamba dogo anamuibia, anachezesha watu hela anaweka mfukoni, na alikuwa ameshafika mahali pa kumfukuza. Nikamwambia ngoja. Kuna vile vimita vidogo unachomeka kwenye soketi alafu unachomeka kifaa juu yake, vinahesabu yuniti. Tukaweka kimoja kila kituo, tukahesabu wiki moja. Siku ambayo daftari linasema masaa 15, umeme ulitakiwa uwe yuniti 2.4, mita zikasoma 3.1. Tofauti ni 0.7, ukigeuza kuwa muda wa kucheza ni kama masaa manne na nusu ambayo hayapo kwenye daftari. Jamaa akasema unaona! Nilijua!

Nikamwambia tulia kwanza, nikachukua kiti nikakaa pale banda jioni tatu nikiwa najifanya nasubiri zamu. Kilichokuwa kinatokea ni hiki. Mteja amelipia saa moja, saa imeisha, ila mechi iko dakika ya 60 na wamefungana mbili mbili. Nani ana roho ya kuzima TV hapo? Dogo anawaambia muda umeisha, wanasema subiri tumalizie, anasubiri, wanaingia muda wa nyongeza, wanapiga penati, mmoja anaomba kuangalia tena goli. Nilipima, wastani ni dakika 8 kila kikao. Siku ya kazi ina vikao kama 20. Mara 8 ni dakika 160, masaa mawili na dakika arobaini. Yaani zaidi ya nusu ya "wizi" ulikuwa ni huruma ya kumalizia mechi! Iliyobaki ni TV na mashine zinazowaka bila mtu asubuhi, na ndio, na washkaji wa dogo wanaocheza bure mchana banda likiwa halina mtu, hilo nililiona kwa macho yangu na wala sikulishangaa, kijana wa miaka ile umemfungia na PS nne tupu kutwa nzima ulitegemea nini.

Hii ndo sehemu ambayo nadhani kama una banda ungeisoma mara mbili. Kuuza kwa saa kwenye gemu la mpira ni kujiibia mwenyewe, kwa sababu mpira haukatwi kwa saa, unakatwa kwa mechi. Ukiweka dakika 5 kila kipindi, ukajumlisha kuchagua timu, marudio ya magoli, kupanga kikosi na kubishana, mechi moja inakula kama dakika 14. Kwa saa unaingiza mechi nne. Tukaweka bei ya mechi kuwa theluthi ya saa, kwaiyo mashine ikijaa saa nzima inaleta saa moja na theluthi badala ya saa moja, na hamna mtu anayedai kumalizia maana mechi ikiisha imeisha. Sheria ni aliyefungwa anatoka analipa, mshindi anabaki anasubiri anayefata. Foleni yenyewe ndo inakuwa polisi, dogo hana haja ya kugombana na mtu.

Na wala sio uvumbuzi wetu. Zile mashine za sarafu za zamani, Space Invaders ya 1978, Pac-Man ya 1980, zilitengenezwa makusudi mchezo uwe mgumu zaidi kila unavyoendelea ili usikae muda mrefu kwa sarafu moja. Ilipokuja Street Fighter II mwaka 1991 wakapata kitu kizuri zaidi, watu wawili wanapigana, anayepigwa anatoa sarafu nyingine au anampisha mwingine. Mwenye mashine hakuwa na haja ya kushika saa. Sisi tumekuja na PlayStation tukarudi nyuma kuuza muda kama wa kupaki gari.

Wiki ya kwanza wateja walinuna, nisidanganye. Kuna kundi la watu watatu walisema bei imepanda na wakahama, wawili wakarudi baada ya siku kumi. Kwaiyo tukaweka mambo mawili kwa pamoja: kuanzia saa 10 jioni na wikiendi ni mechi tu kwa gemu za mpira na za kupigana, ila siku za kazi kati ya saa 7 mchana na saa 10 ni saa, tena unapata masaa mawili kwa bei ya saa moja na nusu. Mwenye hela ndogo na muda mwingi akapata nafasi yake, na yule anayecheza gemu za hadithi peke yake, ambaye jioni alikuwa anakalia kituo masaa matatu huku watu sita wako kwenye benchi, akahamia mchana bila kufukuzwa.

Asubuhi tukafuta. Na hapa niseme wazi maana wengi wanalizungukazunguka. Ile saa moja na nusu ya asubuhi siku za kazi karibu yote ilikuwa ni watoto ambao walitakiwa kuwa darasani, wengine sare imekunjwa iko kwenye begi. Achana na maadili kama hutaki kuyasikia, nipigie hesabu tu: unauza saa moja na nusu kwa siku, na unachoweka rehani ni banda zima, kwa sababu siku mzazi mmoja atakapokuja kumtoa mtoto wake pale kwa kelele, mtaa mzima utakuwa umeshaamua banda lako ni la aina gani, na mwenye fremu atapigiwa simu, na kibali kitaangaliwa. Hamna biashara inayokubali kuhatarisha masaa 590 kwa ajili ya masaa 30. Kucheza kwa kuwekeana hela ni vilevile. Jamaa alikuwa anafumba macho kwa sababu ilikuwa inajaza watu, ila kamari ina sheria zake na leseni zake sehemu nyingi, na hata bila sheria, siku anayefungwa akikataa kutoa hela wanaopigana wanaangukia kwenye TV yako.

Pedi sasa. Masaa 60 kwa mwezi ya pedi na mafundi yalinishangaza mpaka nilipozifungua. Ukichukua masaa 590, wachezaji wawili, pedi nane, kila pedi inafanya kazi karibu masaa 150 kwa mwezi, pedi ya nyumbani labda ingechukua nusu mwaka kufika hapo. Ndani ya stiki, kile kijiti cha pedi unachozungusha kwa kidole gumba, kuna kipande cha kaboni kinachosuguliwa kila ukizungusha, kikiisha mchezaji anaanza kutembea mwenyewe hujamgusa, na hapo mteja aliyefungwa anapata kisingizio na anakataa kulipa mechi, ambayo wakati mwingine ana haki. Jamaa alikuwa ananunua pedi za kopi kwa sababu ni rahisi, zinakaa wiki sita nane zinakufa, anatupa. Tukabadilisha: pedi orijino, alafu dogo akajifunza kubadilisha stiki mwenyewe, kuchomelea sio sayansi ya roketi ila inataka mkono uliotulia na kuharibu pedi mbili za kujifunzia. Siku hizi kuna stiki za sumaku ambazo hazisuguani, kama anazipata fundi wako ziulizie. Na kila pedi ikapewa namba kwa rangi ya kucha, ukijua pedi namba 5 inakufa kila mwezi utajua ni kituo gani kina yule mtu anayeminya kitufe cha R2 kama anafunga breki ya lori.

Mambo mengine nayapitia haraka. Intaneti ya kila mwezi tukaikata, wateja wake wanacheza wawili kwa wawili pale pale, intaneti ilikuwa inashusha apdeti za makumi ya gigabaiti ambazo hamna aliyeziomba, saivi ananunua bando mara moja moja. Gemu: vituo vitatu kati ya vinne ni mpira muda wote. FIFA 23 ilikuwa ya mwisho kwa jina hilo, kuanzia 2023 EA, kampuni inayoitengeneza, wanaita EA Sports FC na inatoka mpya kila mwaka, na wateja wanataka vikosi vya msimu huu, kwaiyo hiyo ni gharama ya kila mwaka ambayo lazima uitenge, yeye ananunua mpya kwenye vituo viwili tu na viwili vinabaki na ya mwaka uliopita, na wanaocheza kule ni wale wasiopenda foleni. Vinywaji alijaribu, soda moja ilimwagikia pedi mbili na mashine moja, akaacha. Na watu wengi hawajui kwamba masharti ya programu ya PlayStation yanasema ni kwa matumizi binafsi yasiyo ya biashara, mabanda yapo kila kona ya dunia na yanaendelea, ila ukiwa unaweka hela yako jua kwamba unasimama kwenye ardhi ambayo haina hati.

Simu je? Swali zuri, maana mpira unachezwa bure kwenye simu, eFootball ya Konami ni bure tangu 2021. Nilidhani hiyo ndo ingeua banda. Ila ukikaa pale jioni unaona wale wateja wote wana simu na wengi wana hilo hilo gemu kwenye simu. Wanachokuja kununua ni kumfunga mtu wanayemjua mbele ya watu wanaomjua. Ndo maana benchi la wanaosubiri ni muhimu kuliko TV kubwa, na ndo maana nilimkatalia kutoa benchi ili aweke kituo cha tano.

Kituo cha tano ndo kilikuwa suluhisho lake yeye, na ni kosa ambalo lingemmaliza. Watu wanasimama nje si uongeze mashine? Wanasimama nje Jumamosi na Jumapili jioni. Masaa 10 kwa wiki, 43 kwa mwezi, kwa bei ya mechi weka 57, toa umeme, pedi na sehemu ya dogo inabaki 36 hivi. Kituo ni 900. Miezi 25, tena kama itajaa kila wikiendi bila kukosa hata moja, na siku tano za wiki kituo kimekaa kinakula vumbi pamoja na wenzake. Alitaja kompyuta pia, kaona wale wa Korea Kusini waliojaza nchi vyumba vya kompyuta tangu gemu la StarCraft la 1998, nkamwambia kule watu walikuja kwa intaneti ya kasi na gemu za mtandaoni, wewe huna hata intaneti ya uhakika, tuache.

Malipo ya dogo tuliyabadilisha mwishoni na labda ingefaa tuanze nayo. Kutoka 170 kavu akaenda 130, alafu kila saa inayozidi 14 kwa siku anapata moja ya tano. Kwa mwezi inamletea kama 180, amezidi alichokuwa anapata, anafanya masaa machache maana wanafungua saa 7 siku za kazi, na washkaji wake hawachezi tena bure kwa sababu sasa wanacheza kwenye hela yake.

Miezi mitatu baadae daftari linasema hivi, nageuza mapato ya mechi kuwa masaa ili tulinganishe: siku za kazi 17, wikiendi 36, mwezi kama 675. Matumizi 445, kodi ile ile 150, dogo 180, umeme 45, bando 5, pedi 40, vidogo vidogo 25. Inabaki 230. Hapo nikamlazimisha aweke pembeni 60 kila mwezi kwa ajili ya mashine zitakazokufa, maana zitakufa, kwaiyo ya kula ni 170. Mtaji uliobaki kurudi ni kama 3600, miezi 21.

Inalipa? Kama una kazi nyingine na una mtu wa kumuamini wa kukaa pale, inalipa, ni kipato cha pembeni ambacho kina dari, na dari lenyewe ni zile jioni chache za wiki. Kama unaacha kazi ukaishi kwa hayo masaa 170, mi nisingefanya. Mabanda yanayomlisha mwenyewe vizuri niliyoyaona ni yale ambayo mwenye banda ndo dogo, anakaa mwenyewe, ile 180 inabaki nyumbani, na fremu ni yake au iko uchochoroni kodi ya chini. Maana hii biashara haihitaji kukaa barabarani, mcheza gemu atakufata hata nyuma ya nyumba ya tatu akishajua mpinzani wake yuko huko.

Wiki iliyopita jamaa kanipigia, mwenye fremu anataka kupandisha kodi. Zamani angeniambia kiasi, safari hii kaniambia kaka anataka masaa mawili kwa siku. Kabla sijajibu akaendelea mwenyewe, mawili mara thelathini sitini, mia na sabini inakuwa mia na kumi, miezi thelathini na kitu, si tumerudi kulekule. Nikamuuliza sasa unafanyaje. Akasema yuko uchochoroni muda huu anapima ukuta wa chumba kimoja aone kama TV nne zinaenea na benchi.